Nilisema Nimeona na Macho, Mama Akaniamini

Kosa ni yangu. Naanza na hiyo, usije ukanionea huruma mbele ya kusikia. Mama yangu amekufa juu ya uwongo, na ule uwongo niliutoa mi mwenyewe, na hii sauti yangu ile bantu banasifiaka.

Jina sitataja. Baraka ni muji mudogo, nikitaja tu avenue, mutaa ninakaa, bote batajua. Jua tu kama mi ni mama ya batoto, kazi yangu ni kusuka bamama nywele, na salon yangu iko karibu na ziwa. Bwana yangu iko Misisi, ku mashimo ya dhahabu.

Nakuandikia juu kusema na mdomo sitaki tena. Ule mdomo, aka! Umeshafanya kazi ya kutosha.

Sikia basi.

Kwetu huku si bantu bote banasoma. Hata bale banasoma, habari zinakuja Kifaransa, ndefu, zinachosha. Siye tunasikilizaka audio. Muntu anafinya simu, anasema, anatuma, imekwisha. Hata bibi mwenye hana simu, audio itamufikia tu, mujukuu atamuwekea ku sikio.

Mi nilikuwa na groupe ya WhatsApp. Niliifungua kwa kazi ya salon, kuambia bamama kama meshi mpya za kusukia zimefika. Kisha kuna siku mvua ilikata barabara ya Uvira. Nikasoma habari ku Facebook, nikatoa audio fupi kwa Kiswahili, mwisho nikatia Kibembe kidogo. Eh! Bantu bakapenda. "Ule mama anasema vizuri, anaeleweka." Ikaanza vile. Barabara, bei ya ndakala, ile dagaa ya kwetu, nani amefiwa na kilio iko wapi, boti ya Ubwari imekwama wapi. Groupe ikajaa, nikafungua ingine.

Mu salon nikatia bafle kubwa ya kupaza sauti. Muntu akikaa kusukwa, masaa yote yale anasikiliza. Kukawa hata bamama banakuja bila kusukwa, banakaa ku benchi na kunyonyesha batoto, banangoja audio.

Nilipenda hiyo. Nasema kweli mbele ya Mungu, nilipenda sana. Napita ku soko, mama mwenye kuuza sombe, majani ya mihogo, ananiita, "Si ni we ule wa audio?" Mi nacheka kama sijali. Uwongo, nilikuwa najali!

Sasa kuna kitu lazima ujue, kama hauko wa huku. Kwetu audio isiyo na mwenyewe haina nguvu. Ukisema "inasemekana", bantu banasikia, banapita. Lazima useme we ni nani, mutoto wa nani, kijiji gani, na umeona nini. Ni kama kilio: hauingii tu na kusema "poleni", unajitambulisha kwanza, unataja ukoo, njo bantu banakupa pa kukaa. Audio nayo ni vile. Muntu akishasema "mi, mutoto wa fulani, nimeona na macho yangu," nani atamubisha? Kumubisha ni kutukana baba yake.

Mi nilijua hiyo. Nilijua vizuri kabisa.

Mvua ilipoanza, kolera ikaja. Kwetu si mugeni, inakujaka. Siye wengi tunakunywa mayi ya ziwa. Kwa hiyo pale bamama banachotaka mayi, projet moja ya misaada ikaweka bantu ba dawa. Unachota mayi mu bidon, dumu yako, unapita kwa muntu wa dawa, yeye anavuta dawa kidogo na bomba ya sindano, anatilia mu bidon, unafunga, unaenda. Ukifika nyumbani unangoja kidogo kisha unakunywa. Mayi inanuka kidogo, lakini tumbo linatulia.

Ku pwani yetu mwenye kutia dawa alikuwa Mama Faida. Mukimbizi wa Burundi, alikaaka kwanza mu kambi ya Lusenda, kisha akakuja kupangisha chumba ku avenue yetu. Muntu wa sala, mupole. Nilikuwa namusuka mi. Mutoto wake Faida alikuwa anacheza na batoto bangu, banakula bugali sahani moja.

Hakuwa adui yangu. Elewa hiyo. Ingekuwa namuchukia ingekuwa afazali, ningesema ni roho mubaya. Mi sikuwa na kitu chochote na ule mama.

Kilichonichoma kilikuwa kingine. Kijana moja alifungua groupe yake, akawa anatoa habari motomoto, za kutisha. Bamama mu salon bakaanza kunitania. "Mama, ile ya jana hauna? Huko banajua tangu asubuhi! We unabaki tu na bei ya ndakala." Banacheka. Mi nacheka nao, mikono yangu inavuta nywele ya muntu kwa nguvu, mpaka ananiambia, "Pole pole, dada, hii ni kichwa yangu."

Kisha video ikanifikia. Muntu amevaa gant mu mikono, anamwaga kitu mu kisima. Chini maandishi ya Kifaransa, kama banatia sumu mu mayi ya bantu. Inchi gani? Haijulikani. Ni nani? Haijulikani. Hata nguo yake si ya kwetu. Kisima chenyewe, kwetu hakuna cha namna ile. Niliona hiyo yote, sikuwa kipofu.

Ningetuma ile video vile ilikuja, bantu bangesema "Mungu atusaidie" na bangeendelea na kazi zao. Mi nikataka zaidi.

Ilikuwa muchana, jua kali, salon tupu. Nikakaa ku kiti ya bateja nikafinya simu. Maneno nayakumbuka yote. Hata nikitaka kusahau, simu za bantu zinanikumbusha.

"Bamama, ni mimi." Nikataja jina yangu, nikataja baba yangu, nikataja kijiji yetu ya Ubwari. "Nabaambia kitu nimeona na macho yangu mbili. Ule anatutilia dawa ku ziwa iko na chupa mbili. Moja ya kutuonyesha. Ingine anaificha chini ya kitenge. Ile ya chini njo anatilia jioni, na nyumba zile zinachota jioni njo zinaharisha. Mi nimeona. Musiniulize zaidi. Ugonjwa ukiisha, kazi yao nayo inaisha, fikirieni wenyewe. Mulinde batoto benu."

Hakukuwa na chupa mbili! Sikuona kitu! Jioni mi sichotaka hata mayi, batoto njo banaenda.

Na ile "musiniulize zaidi", sijui niliitoa wapi. Ilitoka tu. Nikajisikiliza, nikaona imekaa vizuri. Nikatuma.

Jua halijashuka, mama moja akaingia mu salon mbio, anahema. "Umesikia? Chupa ziko tatu!" Nikamuuliza, nani anasema? "Kumbe hauna habari? Iko mu audio ya mama moja, aliona!" Ilikuwa audio yangu, imeshaongezewa mukia. Mi nikatikisa kichwa, nikasema, "Ee, dunia."

Bwana yangu akapiga simu toka Misisi. "Mama ya batoto, sauti yako iko huku. Bantu banaisikiliza mbele ya kushuka mu mashimo. Ni kweli?"

Nikamuambia ni kweli.

"Basi batoto basikunywe ile mayi."

Nikasema, hapana, habatakunywa. Na kweli nikabakataza! Unaelewa hapo? Mi mwenye kutunga, nikawa nafuata batoto bangu mbio ku ziwa, nabaambia bapite mbali na Mama Faida. Ile chupa nilianza kuiogopa. Nilikuwa nashindwa kulala juu ya chupa nilitengeneza mwenyewe.

Kesho yake asubuhi bamama bakamuzunguka Mama Faida ku pwani. Nilikuwa pale, nyuma ya bengine, na bidon yangu.

"Fungua kitenge!" banapiga kelele. "Tuonyeshe chini!"

Mama Faida anafungua kitenge chake mbele ya bantu, anabaki na jupon ya ndani. Hakuna chupa. Mi nikafikiri, bon, imekwisha, sasa batatulia. Aka! Mama moja akasema, "Munaona? Ameshaificha! Alijua tutakuja!" Na bote bakaitika. Kukosa kuona chupa kukawa njo ushahidi mukubwa.

Ule mama akanitafuta na macho. Akaniona.

"Dada yangu, we unanijua. We unanisukaka. Sema nao."

Bote bakageuka. Hapo, ndugu yangu, ningesema neno moja tu, "nilidanganya", ingekuwa imekwisha pale pale. Bangenitukana, bangenicheka mwaka muzima, groupe ingekufa. Basi.

Nikasema, "Mi nilishasema."

Njo hiyo tu nilisema. Bakamwaga ndoo yake ya dawa ku mucanga, bakavunja bomba ya sindano na mawe, meza bakaitupa mu mayi. Bengine bakamutemea mate. Akaokota kitenge chake akaenda, hata viatu aliviacha. Akafunga vitu vyake na mutoto wake, akarudi kambini Lusenda. Mutoto wangu akaniuliza Faida iko wapi. Nikamuambia amesafiri.

Baada ya hapo ku pwani zingine nako bamama bakakataa dawa. Bainfirmier, bauguzi ba kwetu, bakapita na megafoni, banabembeleza bantu. Nani angebasikiliza? "Hao banalipwa!" Bantu bakazidi kuugua, hema za bagonjwa zikajaa. Na unafikiri kuna muntu alisema labda ni juu tumeacha dawa? Hata moja! Banasema ni ile sumu ya kwanza, ingali mu tumbo. Nilibasikia mu salon yangu banasema vile, na mi nikaendelea kusuka.

Sasa nifike ku Mama.

Mama yangu alikaa Ubwari, ng'ambo ya mayi, kijiji ambako unafika na boti. Mujane, lakini mwenye nguvu, alikuwa analima mihogo na kuanika ndakala ku mucanga. Ndugu yangu mudogo Wilondja anakaa naye. Huko nako dawa ya mayi ilikuwa imefika, na mwenye kushawishi bamama bengine baikubali alikuwa nani? Mama yangu! Yeye njo alikuwa mukubwa wa bamama ba kanisa. Alisema, tunywe, tusizike batoto.

Audio yangu ikavuka mayi mu simu ya muvuvi. Wilondja ananiambia Mama alisikiliza akiwa amesimama, akaomba baiweke tena. Kisha ku kanisa akasimama mbele ya bantu.

"Ile sauti munasikia ni ya mutoto wangu. Mi njo nilimuzaa. Mutoto wangu hasemi uwongo."

Na mbele ya bote akamwaga bidon yake yenye dawa. Bamama bengine bakafuata.

Mi nilitaja kijiji yetu ili bantu baniamini. Sikufikiri kama kijiji nayo itasikia. Ujinga gani huu! Sauti yangu naituma kila mahali, na Mama yangu mwenyewe sikumufikiria!

Wilondja akanipigia simu muchana moja, salon imejaa. Yeye ananiitaka Yaya, juu mi ni dada yake mukubwa.

"Yaya, Mama anaharisha tangu alfajiri. Anatapika. Macho yameingia ndani."

"Mupeleke ku centre ya afya! Mupe mayi ya dawa, na ile ya chumvi na sukari!"

"Yaya, unasema nini? Si we ulikataza?"

Bamama bote bameacha kuongea, bananisikiliza. Moja kichwa chake kiko mu mikono yangu. Nikatoka nje na simu, bakatoka na macho nyuma yangu, mulango uko wazi.

"Ya huko ni muzuri," nikasema pole pole. "Mupe tu."

"Anakataa. Anasema hatakunywa mpaka asikie sauti yako. Ngoja."

Akamuwekea simu ku sikio. Nikasikia anapumua. Sauti yake ilikuwa imeisha, kama ya mutoto mudogo.

"Mama," nikasema, "kunywa ile dawa. Ukubali kupelekwa. Tafazali, Mama."

"Mutoto wangu." Akapumzika. "Kuko bantu karibu na we?"

Nikaangalia nyuma. Balikuwa pale, bamesimama ku mulango.

"Kuko bantu, Mama, lakini..."

"Naelewa. Banakulazimisha kusema." Akapumzika tena. "Ulisema tusikuulize zaidi. Sitakuuliza. Mungu akulinde huko."

Nilipaswa kupiga kelele pale pale mu barabara: Mama, nilidanganya! Nilitunga! Neno lilikuwa hapa, ku meno. Nikaona zile sura ku mulango. Nikasema, "Mama, kunywa tu, nakuomba." Simu ikakatika.

Nilipiga tena, haikupita. Upepo ulikuwa mukubwa, hakuna boti ingevuka. Nikarudi ndani. Nikamaliza kichwa cha ule mama. Unaweza kuamini? Nilimaliza kusuka muntu, nikapokea asante yake, wakati Mama yangu anakauka ng'ambo ya mayi.

Asubuhi nilivuka na boti ya kwanza. Ku pwani ya kijiji yetu nikaona Wilondja amesimama peke yake, hana shati, nikajua Mama hayuko tena.

Usiku, Mama alipoishiwa nguvu ya kukataa, Wilondja alimubeba mpaka ku centre ya kijiji, bakamutia serumu, mayi ya mu mushipa. Ilikuwa imechelewa. Infirmier alimuambia, angefika muchana angepona. Muchana! Ile saa nilikuwa naye ku simu.

Kwetu mutoto mwanamuke njo anaosha mama yake. Mi sikumuosha. Juu ya kolera, bantu ba centre bakamunyunyizia dawa, bakamufunga mu plastiki, bakazika haraka. Ile dawa alikataa kunywa, bakamumwagia mwili muzima. Nilisimama mbali, nikatazama. Sikulia. Bantu bakasema ni mushtuko. Mpaka leo sijalia. Naketi, nangoja kilio kije, hakiji.

Ku kilio bamama bakanikumbatia. "Pole, binti. Mama yako alikuwa shujaa. Alikataa sumu yao mpaka nguvu zikaisha, njo bakamutilia kwa lazima mu mushipa. Bamemuua! We ulituambia!"

Nikasimama katikati yao. Nikajitambulisha vile inafanywaka, jina, baba, kijiji, ijapokuwa bote balinijua tangu nazaliwa. Nikasema, "Nilidanganya. Sikuona chupa. Sikuona kitu. Mama amekufa juu yangu."

Mutoto akalia, mama yake akamunyonyesha.

Kisha shangazi yangu akaniinukia, akanishika mabega, akanikalisha chini. "Mumuache," akaambia bengine. "Ni uchungu unasema. Mama yake amekufa leo, anasema nini hajui." Na bote bakaitika: ndiyo, ni uchungu, pole mama, pole sana. Bakaniletea uji.

Niliporudi Baraka nikatoa audio ingine. Nikataja jina yangu yote, baba, kijiji, nikasema ile ya kwanza ni uwongo, nilitunga, mutumie dawa, Mama yangu mwenyewe amekufa. Nikaituma ku groupe zote. Nikangoja.

Unajua bantu balijibu nini? "Amelipwa." "Maskini, banamutisha." "Si alisema tusimuulize zaidi? Alijua batamufuata." Moja akasema hata sauti si yangu, ni machine. Bengi bakatoka mu groupe kimya kimya, bakaenda kwa ule kijana. Ile ya uwongo ilivuka mayi na milima bila mi kuomba. Hii ya kweli nilibembeleza muntu kwa muntu, "tafazali, tuma kwa bengine," bananijibu na kidole gumba, basi.

Nilienda Lusenda kumutafuta Mama Faida. Nilimukuta anapalilia maharagi nyuma ya nyumba yake ya kambini. Nikapiga magoti mu udongo. Nikamuambia yote, na Mama, na simu, na bantu ku mulango. Nilisema muda murefu.

Akaegemea jembe lake, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Pole kwa mama yako," akasema. "Nakusamehe, Mungu anataka hivyo." Akaangalia huku na huku, shamba lote tupu. "Lakini ona. Siku ile bantu bako pale, ulisema umeshasema. Leo hakuna muntu, unasema mengi."

Akarudi ku maharagi yake. Nikaondoka.

Bafle nimeitoa ku salon. Nasuka tu. Bamama banasema nimekuwa bubu, salon imekuwa kama kanisa ya bantu banafunga kula. Bateja bamepunguka. Bwana yangu alirudi toka Misisi, nikamuambia, akatoka nje akakaa ku jiwe mpaka giza. Hakunipiga, hakunitukana. Anaongea na batoto. Na mi ananiambia tu mambo ya chakula.

Mvua imeanza tena hizi siku. Juzi kijana-mama moja mugeni akaingia, amebeba mutoto mugongoni. Nikaanza kumusuka. Akatoa simu yake, akasema, "Mama, ngoja nikusikilizishe kitu, kitakusaidia na batoto bako." Akafinya.

Ilikuwa mi. Jina, baba, kijiji, chupa mbili.

Mikono yangu ikasimama. Nikamuambia, "Dada, ule ni mimi. Ni uwongo, nilitunga. Mutilie mutoto wako dawa mu mayi."

Akageuka, akaniangalia toka juu mpaka chini, kwa huruma kabisa.

"Aka, mama, usiseme vile. Ule mama wa audio alikufa. Balimuua juu ya kusema kweli."

Nikamurudilia. Nikamuapia na kaburi ya Mama. Nikasema ile sauti yote mbele yake, neno kwa neno, asikie ni moja. Akaanza kuniogopa. Kichwa nusu kimesukwa, nusu hapana, akafunga kitambaa, akakaza mutoto mugongoni, akatoka. Nikamufuata mpaka barabarani namuita. Alikuwa anatembea mbio, hageuki, anashuka upande wa ziwa.

We unayesoma, mi sina haki ya kukufundisha. Lakini simu iko mu mukono yako sasa hivi. Kama hukuona, usiseme umeona. Hata bakucheke, hata ubaki nyuma ya bote. Na kama umeshasema, kimbia urudishe leo, mbele ya bantu, wakati bangali banaamini kama sauti ni yako.